Homa ya kila Jumatatu, moshi mweupe na chupa ya maji ya fedha

SWALI

Hamjambo wataalamu.

Nawaandikia kutoka Dandora. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, ameajiriwa kwenye karakana moja huko Kariobangi Light Industries. Zamani walikuwa wanatengeneza mageti na madirisha ya chuma cha kawaida. Tangu mwaka huu uanze wamepata kazi nyingi za stendi za matangi ya maji na reli za ngazi, na zote zinatumia paipu za GI. Shida ilianzia hapo.

Jumapili hapumziki vibaya, anaamka Jumatatu mzima kabisa. Akirudi jioni, ikifika saa mbili au tatu usiku anaanza kutetemeka. Anasema mdomo una ladha kama amelamba sarafu. Ana kiu isiyoisha, viungo vinamuuma, kifua kinabana, na usiku anatoa jasho mpaka tunabadilisha shuka. Jumatano amepona. Alhamisi anachomelea paipu zile zile na hapati kitu! Wiki ikianza upya, homa nayo inarudi.

Yeye anasema mwili unazoea, na wazee wa kazi wanamwambia anywe maziwa kabla ya kuwasha mashine. Kwenye kemisti ameshapewa dawa za malaria bila kutungwa kidole, na antibiotiki juu yake. Sasa kuna mama tunayemfahamu anauza chupa za maji ya fedha (ile metali ya silver, si pesa), anasema yana chembe za nano zinazopandisha kinga. Mililita 250 ni shilingi 2,500, kijiko asubuhi na kijiko jioni. Baba Baraka amefika nusu ya chupa.

Je, kinga yake imeshuka kweli? Aendelee na hayo maji? Na nguo zake za kazi huwa nazifua pamoja na za mtoto wetu wa miaka miwili, kuna ubaya?

Mama Baraka

JIBU

Mama Baraka, pole sana, na pole kwa mzee pia. Tunaanza na chupa kwa kuwa hiyo ndiyo rahisi kusimamisha: asinywe tena, hata kijiko. Sababu tutazifikia.

Homa unayoieleza, kwa saa inayoanza, ladha ya mdomoni na siku inayopenda kuja, inafanana kabisa na ile inayoitwa homa ya moshi wa metali. Mtu hapimwi kwa barua, kwa hiyo daktari bado anahitajika. Lakini kwa swali lako la kwanza, dalili hizo si za kinga iliyoshuka. Usiku wa Jumatatu kinga ya Baba Baraka inafanya kazi kupita kiasi, na inapigana na kitu ambacho antibiotiki haiwezi kukiua kwa sababu hakina uhai. Ni zinki.

Paipu ya GI ni chuma kilichovishwa zinki. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi kama 1,500 hivi, ilhali zinki huchemka ikifika 907. Kabla rodi haijashika chuma vizuri, zinki ya pembeni imeshakuwa mvuke, imekutana na oksijeni ikawa oksaidi ya zinki, na imepoa ghafla hewani. Huo ndio ule moshi mweupe mzito, na ndio yale manyoya kama pamba anayoyakuta kando ya maungio akiinua kofia ya kuchomelea. Chembe moja moja za moshi huo nyingi ziko chini ya nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), ndizo ziitwazo chembe za nano, wakati unene wa unywele wa mtu ni nanomita 50,000 hadi 100,000. Chembe hizo hushikana zikawa minyororo, lakini hata hapo bado ni ndogo kiasi cha kupita puani na kooni na kushuka hadi vifuko vya hewa vya mapafu. Zile za nanomita 20 hivi, karibu nusu ya zinazovutwa hubaki huko chini.

Udogo huo ndio unaofanya metali ya kawaida iwe na nguvu isiyokuwa nayo kabla. Gramu moja ya oksaidi ya zinki ikiwa donge, uso wake wote hauzidi sentimita 2 za mraba. Gramu hiyo hiyo ikisagika kuwa chembe za nanomita 50, uso wake unafika mita za mraba 21, yaani sakafu ya vyumba viwili vya futi kumi kwa kumi na nafasi ikabaki. Mwili hukutana na uso wa chembe, si uzito wake. Ndiyo maana dozi ndogo ya moshi inamlaza mtu mzima.

Kwenye vifuko vya hewa kuna seli kubwa za kinga zinazoitwa makrofaji. Kazi yao ni kumeza vumbi na bakteria. Makrofaji ikimeza chembe ya zinki huifungia kwenye kifuko chenye tindikali, kwa kuwa hivyo ndivyo inavyosaga bakteria. Lakini oksaidi ya zinki huyeyuka kwenye tindikali. Ioni za zinki, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, humwagika ndani ya seli kwa wingi ambao haiwezi kuumudu, mitambo yake ya nishati inaharibika, na seli inakufa au inaanza kupiga mbiu ya hatari kwa kutoa kemikali za uvimbe. Kemikali hizo zikiingia kwenye damu hufika ubongoni na kupandisha joto la mwili, na wakati huo huo seli nyeupe aina ya nyutrofili zinamiminika mapafuni kutafuta mdudu ambaye hayupo. Mlolongo wote huo huchukua saa 4 hadi 10. Hesabu kutoka saa aliyochomelea mchana na utaona kwa nini anatetemeka saa mbili usiku, akiwa nyumbani, mbali na karakana, na kwa nini hakuna anayefikiria paipu.

Hapo pia ndipo kemisti anapopotea. Hata daktari akipima damu atakuta nyutrofili zimepanda na anaweza kudhani ni maambukizi. Homa hii huisha yenyewe ndani ya saa 24 hadi 48, kwa hiyo dawa yoyote aliyopewa, iwe ya malaria au antibiotiki, itaonekana imemponya. Nairobi si eneo lenye malaria nyingi. Kama hajatoka kusafiri Kisumu, Busia au Pwani, homa haipaswi kutibiwa kama malaria bila kipimo. Na hata kama amesafiri, kipimo kwanza.

Sasa hilo la kuzoea. Ni kweli mwili hupunguza mwitikio wake mtu akivuta zinki siku baada ya siku, na uvumilivu huo hupotea akipumzika siku moja au mbili. Ndiyo sababu ya homa ya Jumatatu, na mafundi wa shaba na zinki huko Ulaya walikuwa wanaijua kwa siku hiyo hiyo tangu karne ya 19. Lakini Alhamisi moshi ni ule ule na mapafu yanapokea metali ile ile. Kilichonyamaza ni kengele tu. Sisi hatuoni sababu ya fundi kujivunia jambo hilo.

Kwa sababu kuna upande wa pili, na huu ndio unaotutia wasiwasi zaidi ya homa yenyewe. Makrofaji zilizojaa metali hazifanyi kazi yake vizuri bakteria halisi anapokuja. Chuma kilichomo kwenye moshi ni chakula cha bakteria, na ukuta wa njia za hewa uliokerwa na moshi humpa bakteria wa nimonia mahali rahisi pa kunata. Panya wa maabara walioingiziwa moshi wa chuma kisichoshika kutu kisha bakteria walichukua muda mrefu zaidi kuwaondoa mapafuni. Kwa wanadamu, takwimu za Uingereza zimeonyesha kwa miongo kadhaa kwamba wachomeleaji hufa kwa nimonia zaidi ya wafanyakazi wengine, hasa wakiwa bado kazini, na hatari hiyo hupungua wakiacha. Kwa hiyo nchi hiyo inapendekeza chanjo ya nimonia kwa wanaovuta moshi wa metali mara kwa mara. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya bakteria huyo mwaka 2011, kwa hiyo Baraka huenda ameipata kliniki. Baba yake hajaipata. Kwa mtu mzima huwa ni ya kulipia. Muulize daktari. Na kama Baba Baraka anavuta sigara, hiyo ni hatari juu ya hatari.

Zinki si mbaya kuliko zote. Rodi za chuma kisichoshika kutu hutoa kromiamu na nikeli. Nikeli huamsha moja kwa moja kipokezi ambacho kinga hutumia kutambua bakteria, ndiyo maana watu wengi huota upele kwa mkanda au hereni, na mapafuni inaweza kuleta pumu. Kuna mfanyakazi wa miaka 38, mzima wa afya, aliyekuwa akipulizia nikeli iliyoyeyushwa kwenye vipuri vya mtambo bila kifaa cha kutosha cha kujikinga. Alifariki siku 13 baadaye kwa mapafu kushindwa kazi, na chembe za nano za nikeli zikakutwa mwilini mwake. Ripoti yake ilichapishwa mwaka 2010. Manganizi ya kwenye rodi za kawaida huathiri ubongo. Na mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa kuchomelea, wa aina zote, katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Kadmiamu lazima tuitaje peke yake. Hupatikana kwenye baadhi ya waya za kulehemu zenye fedha na kwenye boliti za zamani zenye rangi ya dhahabu hafifu. Homa yake huanza sawasawa na ya zinki, kisha badala ya kuisha, siku ya pili au ya tatu mapafu hujaa maji na mtu anaweza kufa. Kwa hiyo shika kanuni hii: homa inayozidi saa 48, pumzi inayokatika akitembea tu chumbani, midomo ya bluu, makohozi yenye damu, maumivu makali ya kifua, au kipimo cha kidoleni kinachosoma oksijeni chini ya 94, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali usiku huo huo.

Homa ya kawaida ya zinki, nyumbani, inataka maji mengi, kulala, na paracetamol gramu 1 kila saa sita, isizidi gramu 4 kwa siku. Maziwa ni chakula kizuri lakini yanaingia tumboni, na moshi umeingia mapafuni. Hayakutani.

Turudi kwenye chupa. Mama anayeiuza hakosei anaposema ina chembe za nano. Kosa ni kudhani hilo ni jema. Fedha ikifika tumboni, tindikali huiyeyusha kiasi ikawa ioni, na ioni za fedha hung'ang'ania protini zenye salfa, ambazo ziko kila mahali mwilini. Ndani ya vyombo vya maabara, chembe za nano za fedha huua makrofaji zile zile tulizozieleza na kuzifanya zitoe kemikali za uvimbe. Inayobaki hujikusanya kwenye ngozi, na mwanga wa jua huigeuza ikawa rangi ya kijivu au samawati ambayo haitoki tena maisha yote. Inaweza pia kuzuia baadhi ya antibiotiki zisifyonzwe, kama tetrasaiklini na zile za jamii ya siprofloksasini, na dawa ya tezi ya shingo pia. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitamka tangu 1999 kwamba fedha ya kunywa haitambuliwi kuwa salama wala kuwa na faida kwa ugonjwa wowote. Krimu ya fedha wanayopaka kwenye vidonda vya moto hospitalini ni jambo jingine kabisa.

Nusu chupa haitamgeuza rangi, usiogope. Lakini fikiria: mtu ambaye kinga yake inawaka kwa sababu ya metali, anaongezewa metali. Hizo 2,500 zingenunua kitu ambacho kitazuia homa ya Jumatatu ijayo, nacho ni barakoa.

Sasa karakana, na hapa msomee Baba Baraka mwenyewe.

Dawa bora ni kutochomelea zinki kabisa. Stendi ya tangi inaweza kujengwa kwa paipu nyeusi, ikachomelewa, ikasafishwa, kisha ikapakwa rangi ya zinki, au ikapelekwa kiwandani kuvishwa zinki ikiwa nzima. Mteja akiambiwa maungio yaliyochomwa juu ya GI ndiyo huanza kushika kutu kwa kuwa zinki imeungua hapo, mara nyingi anakubali.

Kama lazima iwe GI, basi zinki iondolewe kwanza. Tumia grainda na diski ya makaratasi, sentimita 5 kila upande wa maungio. Utajua umefika kwenye chuma kwa cheche: zinki haitoi cheche za maana, ina rangi ya kijivu iliyopoa, cheche za machungwa zikianza kuruka na uso ukang'aa, acha. Vumbi la kusaga nalo ni metali, kwa hiyo barakoa huvaliwa kuanzia hapo. Asiondoe zinki kwa asidi, mvuke wake ni balaa jipya.

Ni zinki kiasi gani? Vazi la mikromita 50 lina karibu gramu 350 kwa kila mita ya mraba. Ukanda wa sentimita 10 kwa 5 tu una gramu 1.8 hivi. Kipimo cha kisheria cha Marekani kwa moshi wa oksaidi ya zinki ni miligramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8. Kibanda cha mita 4 kwa 3 chenye dari ya mita 2.5 kina mita za ujazo 30, yaani miligramu 150 zinatosha kukijaza hadi kiwango hicho. Hata sehemu moja ya kumi ya ule ukanda ikigeuka moshi mlango ukiwa umefungwa kwa sababu ya mvua, ameshapita. Na hiyo ni ungio moja.

Zinki ya ndani ya paipu haifikiki kwa grainda. Itaungua, na moshi utatokea kwenye ncha iliyo wazi. Kwa hiyo ageuze ncha hiyo isielekee usoni pake wala kwa mwenzake. Na kamwe asichomelee paipu iliyozibwa pande zote mbili bila kutoboa tundu la kupumulia, itamlipukia.

Moto uwe wa kiasi. Kwa rodi ya geji 12, amps 70 au 80 zinatosha kwa paipu nyembamba, na ncha ya rodi ikae karibu na chuma. Arki ndefu, yaani moto wa umeme kati ya rodi na chuma ukiwa mrefu, na moto mkali huongeza moshi bila kuongeza uimara. Kichwa kikae kando ya moshi, si juu yake. Wengi huinama moja kwa moja juu ya kazi ili waone vizuri, na kofia inageuka kuwa bakuli la kukusanyia moshi.

Feni ina siri yake. Ikipuliza kutoka mgongoni, hewa huzunguka mbele ya kifua na kuvuta moshi hadi usoni. Ikipuliza kutoka mbele, moshi unamjia. Iwekwe ubavuni, ipitishe hewa kutoka bega hadi bega na kuitoa nje kupitia mlango, upande ambao hakuna mama wa chai. Kama karakana inaweza kununua bomba la kufyonza, mdomo wake ukae sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye arki. Ukisogezwa mbali zaidi hufyonza kidogo sana.

Barakoa ya kitambaa au ya bluu ya hospitali haifai. Anahitaji iliyoandikwa FFP2, N95 au, bora zaidi, FFP3; kama kazi za GI ni za kila siku, anunue ya mpira yenye vichujio vya P3 vinavyobadilishwa, na ahakikishe inaenea chini ya kofia. Watu huuliza kichujio kitazuiaje kitu kidogo kiasi hicho. Chembe ndogo sana hazisafiri kwa mstari, hewa inazigongagonga, zinayumba hadi zinagusa uzi na kunata hapo. Nyingi hazipiti kwenye kichujio; zinapita pembeni ya barakoa isiyokaa. Aivae, afunike kwa viganja, apumue nje kwa nguvu: akihisi hewa puani au mashavuni, arekebishe. Ndevu lazima zinyolewe. Na ajue kichujio cha chembe hakizuii gesi, kwa hiyo rangi ya zamani ikwanguliwe kabla ya kuchomelewa na mlango ubaki wazi hata akiwa na barakoa.

Kuhusu nani alipe: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga na asimkate mfanyakazi hela kwa ajili yake. Homa inayoletwa na kazi inaweza kuripotiwa kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini. Tunajua si rahisi kumwambia hivyo mdosi wa jua kali, kwa hiyo aanze na hesabu ya siku anazolala kitandani; hiyo ataielewa haraka.

Kwa daktari, asiseme tu "nina homa". Aseme: "Nachomelea paipu za zinki, homa inakuja saa kadhaa baada ya kazi, Jumatatu zaidi, inaisha siku ya pili." Aombe kipimo cha malaria, hesabu kamili ya damu, picha ya kifua, na kipimo cha kupuliza cha nguvu ya mapafu. Kwenye homa ya zinki picha ya kifua kwa kawaida huwa safi. Ikiwa na madoa, kuna jambo jingine la kutafutwa, ikiwemo kifua kikuu. Aseme pia kuhusu maji ya fedha.

Na nguo, Mama Baraka: ndiyo, zitenganishe. Avue ovaroli kazini na aibebe kwenye mfuko uliofungwa, anawe mikono na uso kabla ya kumbeba mtoto. Usikung'ute ovaroli ndani ya nyumba. Iloweke kwanza kwenye beseni lake, ifuliwe peke yake, na beseni hilo lisitumike kumwogeshea Baraka.